Sacco, Kadi, Murabaha au Simu: Ipi Ikulipie Paa Linalovuja?

Paa likianza kuvuja Mombasa mwezi wa Aprili, mwenye nyumba ana kazi mbili, na fedha nyingi hupotea pale anapozifanya kuwa moja. Kazi ya kwanza ni kuzuia maji yasiingie usiku wa leo. Ya pili ni kuezeka upya. Ya kwanza ina bei ya turubai, kopo la lami ya kuzibia na misumari michache ya mabati yenye raba. Ya pili ina bei ya paa zima. Anayezichanganya hukopa fedha za paa kwa haraka ya turubai, na mkopo wa haraka ndio ghali kuliko yote.

Kwa hiyo, kabla ya kupima mkopo wowote: ziba kwanza. Fundi apande, apake lami kwenye matundu, abadilishe misumari iliyolegea, na pale ambapo bati limeoza kabisa afunike kwa turubai lililobanwa na papi za mbao juu yake, si kwa mawe. Mawe huteleza upepo ukivuma, nayo hukunja bati bovu likazidi kuoza. Kazi hiyo hulipwa kwa fedha zilizomo nyumbani au kwenye chama, na hukupa wiki nne hadi nane. Muda huo ndio unaokufikisha kwenye mkopo wa bei nafuu.

Tumezipima hapa njia ambazo watu wa pwani ya Kenya huzitumia kulipia ukarabati, kwa kazi moja ili zilinganishwe kwa haki. Ni nyumba ya vyumba vitatu ambayo mabati yake yameliwa na chumvi, gharama KSh 200,000. Vifaa ni 135,000, ufundi ni 40,000, na 25,000 ni za yale yasiyoonekana. Hizo 25,000 usiziache. Mabati yakishashushwa ndipo fundi anapoona papi zilizoliwa na mchwa, kenchi iliyooza pale ilipokalia ukuta, na ubao wa ukingoni unaomomonyoka mkononi kama keki. Asiyeziweka kwenye hesabu mwanzoni hurudi kuzitafuta katikati ya kazi, nyumba ikiwa wazi, na hapo ndipo watu hukimbilia mikopo ya simu.

Fundi akupe makisio yaliyotenganishwa: vifaa upande mmoja, ufundi upande mwingine. Si urembo wa karatasi. Kadi ya mkopo na murabaha (benki hukununulia bidhaa na kukuuzia kwa awamu, bila riba) hulipia vifaa tu. Ufundi na vibarua hutaka taslimu au M-Pesa. Usipotenganisha mapema, utajikuta na mkopo wa aina isiyoweza kumlipa mtu aliye juu ya paa.

Mkopo wa Sacco

Kwa aliye mwanachama wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, huu ndio wa kwanza kuuliza na mara nyingi ndio wa mwisho. Riba iliyozoeleka kwenye mkopo wa maendeleo ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na kiasi unachoweza kukopa kwa kawaida ni mara tatu ya akiba yako. Kwa KSh 200,000 basi, uwe na akiba ya takriban 66,700, wadhamini wa kufidia sehemu iliyobaki, na mshahara au mapato yanayobeba marejesho.

Maneno "salio linalopungua" ndiyo yenye uzito wote. Katika mkopo wa miezi 24, unarudisha 8,333 ya mtaji, yaani zile fedha zenyewe ulizokopa, kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 2,000, wa pili ni 1,917, na inaendelea kushuka hadi mwezi wa mwisho inapofika 83. Jumla ya riba ni 25,000. Mkopo mwingine ukitangazwa kwa asilimia hiyo hiyo 1 lakini riba isiyopungua, unalipa 2,000 kila mwezi hadi mwisho, hata pale unapodaiwa 8,333 tu. Jumla ya riba inakuwa 48,000. Tangazo linaonyesha namba ileile, deni ni karibu maradufu. Ukiigeuza asilimia 1 isiyopungua iwe ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 1.8 kwa mwezi. Swali la kumuuliza ofisa wa mkopo wowote, kabla hata ya kuuliza asilimia, ni hili: "Mwezi wa mwisho nitalipa riba kiasi gani?" Akitaja kiasi kilekile cha mwezi wa kwanza, umeshajua.

Muda nao una bei. Mkopo huohuo wa Sacco ukiuvuta hadi miezi 36, riba ni 37,000, na kwa miezi 48 ni 49,000. Kwa paa, sisi hatuoni sababu ya kupita 36. Na kama ni kupaka rangi au kuweka dari la jasi, hata 12 ni mingi: rangi ya nje, upande unaopigwa na upepo wa kusi, huanza kubanduka kabla ya deni refu kuisha, nawe utakuwa unalipia ukuta unaohitaji rangi tena.

Jambo linaloharibika zaidi hapa ni wadhamini. Mwenzako ana akiba, ana nia, lakini akiba yake tayari imefungwa kwa mikopo ya wengine watatu. Mwambie aangalie uwezo wake wa kudhamini kwanza, ndipo ajaze fomu. Fomu ikirudishwa, foleni unaianza upya. La pili ni theluthi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za ujira, kwa hiyo hati ya mshahara iliyokwisha kujaa makato haitapita, hata akiba iwe kubwa. Mwenye mkopo mdogo uliobakisha miezi miwili ya kulipa aumalize kwanza. Mara nyingi kato hilo moja likitoka, hesabu inakubali.

La tatu ni majira. Januari ni mwezi wa karo, na maombi huwa mengi. Ukiomba Novemba, fedha zikatoka kaskazi inapovuma, mafundi wanapata siku kavu za kufanya kazi bila kukimbizana na mawingu. Anayesubiri masika yaanze analipa bei ya masika: mafundi wazuri wote wameshashikwa, na aliyebaki ndiye anayepanga bei.

Sacco nyingi pia zina mkopo wa dharura, mdogo zaidi, unaolipwa ndani ya miezi 12 na unaotoka haraka. Kwa bomba lililopasuka, tangi la maji lililopasuka au shimo la choo lililotitia, huo ni mzuri kuliko chochote kilichomo kwenye simu. Kwa paa zima la 200,000, marejesho ya mwezi wa kwanza yangekuwa 18,667, na wengi hawawezi.

Mkopo wa mshahara wa benki

Huu ni mzuri kwa aliye na ajira lakini hana Sacco, na una wepesi wake: hakuna wadhamini, na ukiwa na hati za mshahara na barua ya mwajiri, huenda ukatoka ndani ya siku chache. Udhaifu wake ni kwamba fedha unazoomba sizo zinazokufikia. Tuchukue mfano wa benki inayotoza ada ya asilimia 3 ya kushughulikia mkopo. Juu ya ada hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20. Kwa 200,000, ada ni 6,000 na ushuru ni 1,200, kwa hiyo akaunti yako inapokea 192,800, kabla ya bima ya mkopo kukatwa. Lakini riba inahesabiwa juu ya 200,000. Ukitaka 200,000 kamili mkononi, lazima uombe karibu 207,500, na bima bado. Watu wengi hugundua hili wakiwa wameshaagiza mabati.

Riba ya benki kwa mwajiriwa hupangwa kwa kutazama rekodi yake ya mikopo, kwa hiyo mtu na jirani yake hawapati bei moja. Ikiwa asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miezi 24, marejesho ni karibu 9,985 kwa mwezi na riba yote ni karibu 39,600. Ongeza ada, na tofauti na Sacco inapita 20,000. Kwa fedha hizo unaezeka kibaraza.

Soma pia kama riba inaweza kubadilika. Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 mnamo Februari 2024, wakopaji wengi walipata ujumbe mfupi wa simu wakiarifiwa kwamba mkopo wao umepanda. Benki nyingine huongeza marejesho. Nyingine huyaacha marejesho yalivyo na kuongeza miezi, na hiyo ya pili ndiyo inayopita bila mtu kuona. Ombeni ratiba mpya ya marejesho kila ujumbe wa namna hiyo unapoingia.

Tahadhari moja ya peke yake: kuongeza mkopo juu ya mkopo. Una deni la 120,000, unahitaji 80,000 za paa, ofisa anakuambia atakupa mkopo mpya wa 200,000 utakaofuta wa zamani. Uliza ada itahesabiwa juu ya 80,000 au juu ya 200,000. Ikiwa juu ya jumla, kwa asilimia 3 unalipa 6,000 badala ya 2,400, na lile deni la zamani ulilokuwa umelikaribia mwisho linarudishwa mwanzo wa ratiba, mahali ambapo riba ni nzito.

Kadi ya mkopo

Kadi hulaumiwa kuliko inavyostahili, na husifiwa kuliko inavyostahili. Inategemea tarehe.

Kila kadi ina tarehe ya taarifa na tarehe ya mwisho ya malipo. Tuseme taarifa hutolewa tarehe 5 na malipo yanatakiwa tarehe 25. Ukinunua saruji na mabati tarehe 4 Machi, yanaingia kwenye taarifa ya kesho yake, na una siku 21 za kulipa. Ukisubiri hadi tarehe 6 Machi, manunuzi yanangoja taarifa ya tarehe 5 Aprili, na unalipa tarehe 25 Aprili: siku 50 bila senti ya riba, kwa sharti kwamba unalipa deni lote na hukuwa na deni la nyuma. Siku mbili tu, lakini zimekupa karibu mwezi mzima. Kwa mtu anayejua mkopo wake wa Sacco unatoka katikati ya Aprili na bei ya mabati ni nzuri leo, kadi inatumika kama daraja, na hakuna daraja la bei rahisi zaidi ya hilo.

Sasa upande wa pili. Chukua vifaa vya KSh 60,000 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi na kiwango cha chini cha malipo cha asilimia 10 ya deni. Mtu analipa kiwango hicho cha chini kila mwezi, kwa uaminifu, mwaka mzima. Mwisho wa mwaka ametoa karibu 52,000, na bado anadaiwa karibu 25,600. Hakuchelewa hata mara moja. Kilichomponza ni kwamba kiwango cha chini hupungua kadiri deni linavyopungua, kwa hiyo deni halifiki mwisho, linakonda tu. Kama ni lazima deni likae kwenye kadi, jiwekee kiasi kisichobadilika: 6,209 kwa mwezi hulimaliza deni hilo kwa miezi 12, na riba ni karibu 14,500. Bado ni ghali, lakini lina mwisho.

Fundi hapokei kadi, na hapa ndipo kosa baya kuliko yote hutokea: kutoa taslimu kwenye mashine ya benki kwa kadi ya mkopo ili kulipa ufundi. Ada hukatwa papo hapo, riba huanza siku ileile, na zile siku 50 hazihusiki. Usifanye.

Dukani, uliza bei ya taslimu kabla ya kutoa kadi. Kuna maduka ya vifaa vya ujenzi yanayoongeza asilimia mbili au tatu kwa anayelipa kwa kadi, bila kuandika popote. Na ukirudisha vifaa vilivyobaki, fedha hurudi kwenye kadi, lakini kwa kawaida marejesho hayo hayahesabiwi kuwa malipo yako ya mwezi. Lipa kama kawaida, la sivyo utatozwa faini ya kuchelewa huku duka limeshakurudishia.

Hukumu yetu: kadi kwa vifaa tu, kwa fedha ambazo tarehe yake ya kuingia unaijua.

Murabaha, kwa asiyetaka riba

Pwani hii wako wengi ambao swali la asilimia halianzi kabisa, kwa sababu riba kwao ni haramu. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008, na benki kadhaa za kawaida zina dirisha la namna hiyo. Murabaha inafaa ukarabati vizuri kwa sababu msingi wake ni bidhaa: benki inanunua mabati, mbao na saruji, kisha inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, unayoilipa kwa awamu. Faida ya benki inajulikana siku ya kwanza na haipandi, hata Benki Kuu ibadilishe riba yake mara ngapi. Ukichelewa, adhabu haiingii kwenye faida ya benki. Huelekezwa kwenye sadaka.

Inaharibika kwa jambo moja ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Mteja anaogopa bei isipande, anakwenda dukani, anaweka malipo ya awali kwa jina lake, kisha anapeleka risiti benki. Mambo yameharibika. Bidhaa uliyokwisha kuinunua, benki haiwezi kukuuzia. Utaratibu sahihi ni huu: chukua ankara ya makisio kutoka dukani bila kulipa chochote, ipeleke benki, benki ilipe duka moja kwa moja, benki ikuuzie kwa mkataba, ndipo gari lipakie. Hakikisha ankara inataja geji (kipimo cha unene wa bati), urefu, rangi na idadi, maana kubadilisha kitu baadaye ni kurudia mkataba.

Ufundi si bidhaa, kwa hiyo zile 40,000 zitafute mapema mahali pengine: akiba, chama, au ndugu. Wengi hupata vifaa vyote uani kisha mbao zikakaa jua na mvua miezi miwili kwa kukosa fedha za fundi. Mbao zikikaa hivyo hupinda, na papi iliyopinda hufanya bati lisilale sawa.

Linganisha jumla, usilinganishe jina. Gawanya bei ya mwisho kwa bei ya duka, tazama imepanda kiasi gani kwa miezi mingapi. Murabaha nyingine ni nafuu kuliko mkopo wa mshahara, nyingine si nafuu hata kidogo.

Simu na duka

M-Shwari, mkopo wa simu kupitia M-Pesa, ilianza 2012 na ada yake iliyozoeleka ni asilimia 7.5 kwa siku 30, ushuru ukiongezeka juu ya ada. Kwa 20,000, ada ni 1,500 kabla ya ushuru. Kwa dharura ya mwezi mmoja inavumilika. Lakini isipolipwa, ada hutozwa tena, na mtu aliyezoea kusikia asilimia 12 za Sacco asisahau kwamba zile ni za mwaka. Saba na nusu ni za mwezi.

Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kulipa zaidi ya salio lako, iliyoanza 2019, si mkopo wa ukarabati kwa namna yoyote. Ina ada ya asilimia 1 ya kuanzia na kisha ada ya kila siku, na ina tabia inayovuruga kazi ya ujenzi: fedha yoyote inayoingia kwenye M-Pesa hulipa Fuliza kwanza. Ndugu aliye Doha anakutumia 8,000 za saruji, unadaiwa 5,000, unabaki na 3,000 na lori liko mlangoni. Mwenye Fuliza isiyolipwa asipitishe fedha za ujenzi kwenye laini hiyo.

Programu za kukopesha zilizojaa kwenye simu, angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Kanuni zake ni za 2022. Jirani zetu Tanzania mikopo ya mtaani wameipa jina linaloisema yote, kausha damu, na mwaka 2024 Benki Kuu ya nchi hiyo ilitangaza majukwaa 69 ya mtandaoni yasiyo na leseni.

Deni la dukani halina riba kwenye karatasi. Riba imo kwenye bei. Uliza bei ya mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa taslimu, halafu kwa deni la siku 30, kwa siku mbili tofauti ikibidi. Tofauti ya shilingi 40 kwa mfuko wa 800 ni asilimia 5 kwa mwezi mmoja, ghali kuliko kadi. Mwenye duka anayekupa bei moja kwa zote mbili, mtunze.

Nyumba bila ardhi, na hati miliki

Mombasa nyumba nyingi za mitaa ya zamani ziko kwenye mfumo wa nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Benki haiwezi kushika kiwanja kisicho chako, kwa hiyo mkopo wa dhamana ya nyumba haupo kwako. Sacco, mshahara na murabaha ndogo ndizo njia zako. Kabla ya kukopa, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi, hasa kama unabadilisha makuti kuwa mabati au kuongeza urefu wa ukuta. Deni litakuwa lako hata kazi ikisimamishwa.

Aliye na hati miliki naye asiitoe kwa paa la 200,000. Uthamini, wakili, ushuru wa stempu na usajili hula sehemu kubwa mno ya mkopo mdogo. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Anayekushawishi kulipita sharti hilo anakuingiza kesini.

Fedha zikishatoka

Zipeleke kwenye akaunti isiyo na makato mengine. Nunua vifaa vyote kwa mkupuo, vihesabu vikishushwa. Kwenye mabati, namba ndogo ya geji ndiyo bati nene: 28 ni nene kuliko 30. Karibu na bahari uliza pia mpako. AZ150 maana yake ni gramu 150 za aluminiamu na zinki kwa kila mita mraba, pande zote mbili pamoja. Bati jembamba lenye mpako hafifu linaweza kuanza kutoboka ungali na deni lake, na kuokoa elfu kumi na tano hapo ni kuzipoteza mara mbili. Misumari iwe ya mabati yenye raba, ipigiliwe juu ya mgongo wa bati na si bondeni ambako maji hupita.

Ufundi ulipwe kwa hatua. Kwa zile 40,000: 12,000 anapoanza, 12,000 kenchi na papi zikishakaguliwa na kufungwa, 12,000 bati la mwisho likipigiliwa, na 4,000 zibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige. Mwandikiane hivyo kabla hajapanda. Fundi anayejiamini hukubali. Anayetaka nusu ya fedha zote siku ya kwanza huenda tayari ana kazi nyingine aliyoiacha nusu, na fedha zako ndizo za kwenda kuimalizia.

Zile 25,000 za yasiyoonekana zisipotumika, zirudishe kwenye mkopo mara moja, na uombe kwa maandishi kwamba zipunguze mtaji, si kulipia miezi ijayo. Katika Sacco ya mfano wetu, ukilipa 25,000 mwezi wa pili na kuendelea na marejesho yaleyale, unamaliza miezi mitatu mapema na riba inapungua kwa karibu 5,000. Katika mkopo wa riba isiyopungua kwa kawaida haupunguziwi kitu.

Ukishindwa kulipa, nenda kabla ya siku 90 kupita, maana hapo ndipo mkopo huhesabiwa kuwa mbovu na jina hupelekwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo. Kwa benki, Sheria ya Benki kifungu cha 44A huweka mpaka: mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoweza kudaiwa haizidi mtaji uliokuwa umebaki. Wachache wanaujua mpaka huo, na barua za wakusanya madeni haziutaji.

Mkopo ukiisha, usitosheke na salio la sifuri kwenye simu. Omba barua ya kumaliza deni, kisha baada ya mwezi mmoja chukua ripoti yako ya mikopo. Moja kwa mwaka ni bure. Na kama ulikopa Sacco, peleka nakala ya barua hiyo kwenye dawati la mikopo uulize, jina kwa jina, kama wadhamini wako wameachiliwa kwenye mfumo. Mpaka waachiliwe, akiba yao bado imefungwa kwa paa lako.